Simu ya Levina

Walijuana stesheni ya Tabora. Treni ya Kigoma ilikuwa imechelewa, watu wamejazana, na ndoo ya asali ya Nurdini ikavujia baibui jipya la Shamila. Shamila alimsema mpaka kijana wa watu akatota jasho. Wiki iliyofuata Nurdini akamletea baibui jingine, jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, na mapenzi yakaanzia hapo. Wivu nao ukaanzia hapo, maana Shamila hakujaliwa kupenda nusu nusu.

Siku moja, wakiwa tayari wachumba, Nurdini alikuwa anakwenda Kigwa kufuata asali, na huko intaneti ni ya kubahatisha. Akamwachia Shamila simu yake kubwa kwenye meza ya cherehani, akachukua kitochi, simu yake ndogo ya kupigia tu.

"Tazama, mpenzi. Mstari wa buluu ni wastani wa bei ya siku chache, huu mwekundu ni wa siku nyingi. Wa buluu ukiwa juu, sarafu yetu ya mtandaoni inapanda, tunaifuata tu. Ukikata kwenda chini, tunauza, hatubishani nao. Kuna mtu wa Kaliua anafuata mistari hii hii. Akipiga akasema toka, bonyeza hapa penye 'Uza'."

"Na pesa ya mahari yangu?"

"Yote imo humo, mama."

Saa tano asubuhi simu ikaita. Kioo kikaandika: Levina, Kaliua. Shamila akaacha kushona. Mtu wa Kaliua kumbe ana jina, tena ana picha: kilemba cha njano, midomo imepakwa rangi, na tabasamu la mtu asiye na haraka. Moyo ukamchoma. Kama hakuna jambo, jina lilifichwa kwa nini? Akaiacha iite. Ikaita tena na tena. Mara ya tano akaizima, akaitupa kwenye kapu la vitambaa.

"Apige mpaka akome," alijisemea, akaendelea na gauni la mteja huku mshono unakwenda upande.

Nurdini alirudi alasiri. Aliwasha simu, akafungua mistari yake. Mstari wa buluu ulikuwa umekata tangu asubuhi na bei imeporomoka. Faida yote ilikuwa imekwenda, na nusu ya mtaji.

"Levina hakupiga?"

"Alipiga. Mara tano." Shamila hakushusha macho. "Kwa nini hukuniambia ni mwanamke?"

"Nilijua utakasirika."

"Ungeniambia, tungegombana jana. Leo ningepokea."

Nurdini akaiweka simu kwenye meza ya cherehani.

"Ni mzuri?" Shamila akauliza.

"Mzuri, sikatai. Lakini niliyempenda ni wewe, na ukali wako huo. Sasa mzee wako nitamwambia nini?"

Shamila akalia. Ndoa yake alikuwa ameivuruga kwa mkono wake mwenyewe, na alijua. Kisha akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Mwenye kutaja mahari si wewe, wala baba. Naitaja mimi. Hicho kilichobaki ndicho mahari yangu. Uza sasa hivi, kabla hakijapungua."

Nurdini akauza. Shamila akamnyang'anya simu, akapiga Kaliua.

"Dada Levina, hujambo? Mimi Shamila, mchumba wa Nurdini. Leo nimekukosea, nisamehe. Sasa andika namba yangu. Mistari ikikatana tena, nipigie mimi."