Aliyebeba Vitabu Akaacha Kompyuta

Stoo ilikuwa tupu. Ulibaki ufagio peke yake, umeegemea ukuta kama mtu aliyechoka kusubiri.

"Vitabu vyetu! Afande, wamebeba vyote!"

Aliyepiga kelele alikuwa mkutubi wa maktaba ya umma. Kwa jinsi alivyozoea kuwanyamazisha wasomaji, mtaa mzima ulimwita Bibi Kimya. Asubuhi ile yeye ndiye aliyehitaji kunyamazishwa.

Inspekta akamshika bega. "Tulia, dada. Nieleze taratibu. Vitabu gani?"

Aliuliza kwa sababu kazi inataka kuuliza, lakini alivijua. Kilikuwa kitabu kimoja katika nakala nyingi, kitabu walichokiandika wanafunzi wa kisomo cha watu wazima, kila mmoja hadithi yake. Wakfu mmoja wa hisani ulitoa ruzuku ya kukichapa, kama ulivyotoa ruzuku ya rafu, taa za jua na mshahara wa mwalimu. Uzinduzi ulikuwa kesho. Mjumbe wa wakfu angekuja kuona kwa macho yake, kisha aamue kama ruzuku iendelee au ihamie kwingine. Na hadithi ya kwanza kitabuni ilikuwa ya mama mzazi wa Inspekta, mama ambaye hadi miaka michache iliyopita alikuwa hajui hata a.

Mkuu wa kituo alikuwa ameambiwa habari hiyo. "Mama yako yumo kitabuni, hayumo jaladani," alisema akicheka. "Nenda kafanye kazi."

Koplo alikuwa amechuchumaa akitafuta alama za vidole. Akanyanyua kichwa. "Mwizi gani huyu, afande? Chumba cha pili kuna kompyuta, mlango wazi. Hakugusa hata waya. Kabeba vitabu ambavyo hata muuza karanga hawezi kununua afungie karanga zake."

"Dada, kuna kingine kilichopotea?"

Bibi Kimya alisita. "Katoni za karatasi za chooni. Zilikuwa hapo hapo na vitabu."

"Zilifanana na za vitabu?"

"Katoni ni katoni. Ila zimeandikwa ubavuni, herufi kubwa kama kichwa cha mtoto."

Kufuli halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, likafungwa tena kwa adabu. Funguo zilikuwa tatu: wa mkutubi, wa mlinzi na wa mwenyekiti wa kamati ya maktaba.

Inspekta akatoka hadi mlango wa nyuma. Ulikuwa umepakwa rangi ya bluu jana alasiri, na juu yake, usawa wa bega, rangi ilikuwa imefutika. Mtu aliuegemea akiusukuma, mikono imejaa mzigo. Kando ya mlango kilining'inia kibao: TAHADHARI. RANGI MBICHI. USIGUSE. Juu ya kibao kulikuwa na taa ya jua, ile inayowaka usiku kucha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Koplo. Alimaanisha mlinzi, na kabla chai haijapoa mlinzi alikuwa kituoni.

* * *

"Jana usiku nani aliingia?"

"Hakuna mgeni aliyeingia, afande."

"Ulilala?"

"Nilisinzia. Kusinzia si kulala."

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Huu hapa shingoni. Hata nikioga siuvui."

Koplo akapiga meza. "Utasema leo! Vitabu umempelekea nani?"

"Nimpelekee nani, jamani? Mimi mwenyewe nimo humo, ukurasa wa mwisho!" Mlinzi alikuwa karibu kulia. "Nimeandika habari za ng'ombe wetu aliyeingia kanisani."

Inspekta akakiweka kile kibao mezani. "Hiki unakijua?"

Kwa mara ya kwanza mlinzi alitabasamu. "Nimekiandika mimi. Mwalimu alituambia kila mtu aandike kitu cha kazini kwake." Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alifika ng'ambo salama.

Nje ya chumba cha mahojiano, Inspekta alimgeukia Koplo. "Aliyeandika kibao hawezi kuegemea rangi ile."

"Basi mwizi hajui kusoma," alisema Koplo. "Kapita kwenye kibao, kabeba na karatasi za chooni akidhani ni vitabu. Ni hao hao wa kisomo."

"Hao wa kisomo ndio wanaojua kusoma, Koplo. Mtafute yule asiyekuja darasani."

"Na mlinzi?"

"Abaki kwanza. Mkuu hatamwachia kwa sababu ya kibao."

Hesabu ilikuwa haimkalii sawa kichwani. Mwizi ana ufunguo, na mwizi hasomi. Mkutubi husoma hata kibandiko cha chupa ya maji. Mlinzi amesoma mbele yake. Alibaki mwenyekiti, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu aliyetoa kiwanja chake bure ili maktaba ijengwe. Huyo watu walimwita Mzee Gazeti, maana hakuna aliyewahi kumwona bila gazeti kwapani. Labda alimwazima mtu ufunguo wake.

* * *

Mchana Inspekta alipita nyumbani. Alitaka mama yake aisikie habari kutoka kwake, si kutoka mtaani.

Mama alikuwa anakunja nguo. Aliposikia, akakunja shati lile lile mara ya pili.

"Na hadithi yangu imo humo?"

"Imo, mama. Tutaipata."

"Sikitiko langu ni kwa Mwenyekiti. Yeye ndiye angeisoma kesho mbele ya mgeni, ukurasa wa kwanza wote. Tulimchangia hadi miwani mpya, kumshukuru kwa kiwanja. Maana yule mzee kwa kusahau miwani, hajambo! Ukimpa karatasi tu, anapapasa mifuko: 'Lo, miwani yangu!'" Mama akacheka kidogo. "Tukasema safari hii hasahau."

Inspekta hakucheka. Alikuwa ameuona mchezo huo zamani, ndani ya nyumba hii hii. Kila shule ilipotaka saini ya mzazi, mama yake alikuwa na kidole kilichofungwa kitambaa. "Saini wewe, mwanangu, mimi naumwa." Utoto wote Inspekta aliamini mama ana kidole kibovu.

"Mama, siku zile za kidole chako. Ulikuwa unajisikiaje?"

Mama hakujifanya kutoelewa. "Kama mtu anayetembea na yai bichi mdomoni. Huwezi kucheka, huwezi kupiga chafya. Unawaogopa wanaokupenda kuliko wanaokuchukia, maana wao ndio wanaokukaribia." Akaiweka nguo chini. "Leo nasoma dawa zangu mwenyewe. Waliotoa ruzuku ile siwajui hata sura, lakini nikisali nawataja."

Inspekta akachukua kofia yake.

* * *

Duka lilinuka saruji na chuma. Mzee Gazeti alikuwa nyuma ya kaunta, gazeti kwapani, miwani mpya ikiwa kwenye kibweta mfukoni mwa shati. Shati tupu. Koti lake la kijivu, ambalo alilivaa jua liwake mvua inyeshe, halikuwepo.

"Karibu, mwanangu. Msiba gani huu umetupata?"

"Pole, Mzee. Nimekuja kuchukua maelezo yako. Jana ulifika maktaba?"

"Nilipita kuangalia viti vya uzinduzi. Mlinzi alinifungulia geti."

"Mbona hakusema?"

"Pengine ulimwuliza habari za wageni. Mimi pale ni mgeni?"

Inspekta alijikuta anatabasamu. "Hapana, Mzee. Koti lako liko wapi?"

"Kwa dobi."

"Limechafuka nini?"

"Uchafu tu."

Inspekta aliinama, akaandika. Alipomaliza akaisogeza karatasi juu ya kaunta. "Soma, Mzee. Nikikosea nisahihishe. Kama ni sawa, tia saini."

Mzee akafungua kibweta, akavaa miwani. Aliitazama karatasi kwa muda wa kutosha, akiitikia kwa kichwa pole pole. Macho yake hayakwenda kushoto wala kulia.

"Umeandika vizuri. Ndivyo nilivyosema." Akatia saini, michoro ya mbwembwe, kama mtu anayechora ua alilolizoea.

Inspekta aliichukua karatasi. Sauti yake ilitoka chini sana. "Mzee, hapa nimeandika: 'Mimi ndiye niliyebeba vitabu vya maktaba, na koti langu lina rangi ya bluu begani.'"

Mzee alivua miwani, akairudisha kwenye kibweta, akakisukuma kando.

Inspekta akaichana karatasi vipande vipande. "Maelezo ya hila hayaendi mahakamani, wala sikuyataka kwa hilo. Lakini mlinzi yuko mahabusu."

"Yuko ndani?"

"Tangu asubuhi. Ana mke na watoto, na kazi ataipoteza."

"Sikujua. Wallahi sikujua." Mzee akakaa juu ya mfuko wa saruji. "Mtoeni. Ni mimi. Alipotopea usingizini nilirudi na pikapu kwa uchochoro wa nyuma. Viko uani, chini ya turubai."

"Ulitaka kuvifanya nini?"

"Kuvichoma. Kiberiti nilikiwasha, kikaniunguza kidole. Mtu anachomaje kitu alichokililia maisha yake yote?"

"Na karatasi za chooni?"

"Karatasi gani?"

"Katoni za karatasi za chooni, Mzee. Umezibeba pia."

Mzee alimkodolea macho. "Zile si vitabu?" Halafu akaanza kucheka. Alicheka mabega yakimtikisika, hadi kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akajifuta uso kwa gazeti.

"Nilitolewa shule kabla sijaijua, nikauze misumari," alisema. "Biashara haikuniuliza herufi. Fedha za watu nazijua kwa rangi, bidhaa nazijua kwa macho. Gazeti nilianza kulishika siku niliyokwenda kuposa, maana baba mkwe alipenda wasomi. Basi likanigandia. Mke wangu kafa akiamini nasoma. Kila jioni nikilifungua, alikuwa anawanyamazisha watoto: 'Shii, baba anasoma.'"

Inspekta alivuta ndoo iliyopinduliwa, akakaa. "Darasa liko kwenye kiwanja chako mwenyewe. Kwa nini hukuingia?"

"Mwenyekiti akae benchi moja na mchukuzi wake? Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, mwanangu. Nilitoa kiwanja ili wengine wapate. Kwangu niliona jua limeshazama. Halafu wakaniletea miwani. Wanashangilia, wananishukuru! Wameufunga mlango wangu wa mwisho kwa upendo. Nikasema kama kitabu hakipo, na kusoma hakutakuwepo."

"Na ruzuku je? Ingeondoka, na darasa lingekufa."

"Sikufika huko. Aibu haioni mbali."

* * *

Vitabu vilirudi stoo jioni ile kwa pikapu ile ile, Koplo akiendesha. Mzee Gazeti alikwenda mwenyewe hadi mlango wa mahabusu. Mlinzi alipotoka, mzee alimshika mikono miwili akamwambia yote, mbele ya askari, bila kupunguza neno.

Mlinzi alijinyoosha mgongo. "Umenilaza sakafuni mchana kutwa, Mzee," alisema. "Mgongo unaniuma, na nimekukasirikia. Lakini siri hiyo naijua uzito wake. Nimeibeba na mimi."

Bibi Kimya hakuwa mwepesi hivyo. Alimsema Mwenyekiti kikao kizima cha kamati, kisha akalia, kisha akapendekeza malalamiko yafutwe. Wote wakaafiki. Mkuu wa kituo alimpa mzee onyo lililosikika hadi barabarani. Jaladani, Inspekta aliandika mambo kama yalivyokuwa, na chini yake akaandika kwamba mlalamikaji amesamehe.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mjumbe wa wakfu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alikaa mbele. Mzee Gazeti alisimama, kitabu mkononi.

"Niliambiwa nisome," alisema. "Siwezi. Sijui kusoma. Nilivibeba vitabu hivi nikavificha ili msijue, na mtu asiye na hatia akafungiwa kwa ajili yangu. Naomba radhi. Na nyinyi mliotupa ruzuku, nawashukuru kwa niaba ya hawa waliojua, na mimi ambaye bado."

Mama yake Inspekta akainuka, akamwendea, akakipokea kitabu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Akasoma hadithi yake mwenyewe. Ilianza hivi: "Mwalimu aliponiuliza nataka kusoma nini, nilisema jina la mwanangu lililoandikwa kifuani mwake." Inspekta, aliyesimama ukutani na sare yake, hakuona vizuri baada ya hapo.

Alipomaliza, mjumbe aliuliza swali moja tu: kuna wengine kama Mwenyekiti, walioona aibu kuja? Mkono mmoja ulipanda nyuma, ukashuka, ukapanda tena. Kisha mwingine. Walikuwa wanaume wenye maduka, fundi makanika, hata baba wa mwalimu mmoja. Ruzuku haikuhamishwa. Liliongezwa darasa la asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa.

Siku ya kwanza Mzee Gazeti alikuja mikono mitupu, akakaa benchi la mbele karibu na mchukuzi wake. Penseli aliishika kama msumari. Mwalimu akamwambia, kama anavyowaambia wote, kwamba wataanza na herufi za jina lake.

"La kwangu lisubiri," alisema mzee. "Nianzishie la mlinzi. Nina barua ya kumwandikia, na sitaki mtu aniandikie."