Bibi wa Gauni la Mahameli

Gauni lilikuwa na joto. Milembe alilinunua kwenye mnada wa mitumba pale Kasoli, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kugombea pamba. Lilikaa kivulini kutwa, bado vuguvugu kama limevuliwa punde. Mumewe, mwalimu Keneth, alicheka kwamba sasa wazungu wanatuuzia hadi jasho lao.

Alipolivaa, nyumba ikanuka mishumaa iliyozimwa. Akaimba kwa lugha asiyoijua, sauti ikapanda hadi kuku wakakimbia uani. Alipomaliza alitema damu.

Tangu hapo, kila alasiri, yule wa ndani ya gauni alijitapa kupitia kinywa cha Milembe. Eti binti wa mwoka mikate, akiwa na miaka kumi na sita akawaimbia wafalme. Vijana wakafungua farasi wa gari lake, wakalivuta wenyewe kwa kumshangilia. Akiwa na arobaini sauti ikamkatika, ukumbi ukamzomea, akafa hotelini peke yake, yapata miaka mia iliyopita. Keneth alimdharau kuliko alivyomwogopa: marehemu mzima, anaomba sifa kwa wakulima wa pamba.

Lakini Milembe alikuwa anakwisha. Keneth akamleta Mayu Nyanjige, mganga wa Migato, ambaye Keneth alimdharau pia.

Mganga hakutaka ubani wala mbuzi. Alisema pepo huyu chakula chake ni watu wanaomsikiliza, na kila Msukuma anajua: kwenye mashindano ya ngoma, manju, kiongozi wa ngoma, akikimbiwa na watazamaji amekwisha, hata aimbe vipi. Majirani wakae uani. Akianza, wampe mgongo waondoke.

“Asisikike mtu anapiga kofi,” alisema. “Na wewe mwalimu, chunga dharau yako.”

Pepo akaanza, na watu wakainuka mmoja mmoja wakaondoka, na kadiri ua ulivyobaki wazi ndivyo sauti ilivyozidi kupanda, ikatetemeka, ikabembeleza, ikalia kama fisi aliyenaswa, hadi ikapasuka, na katikati ya ule mpasuko Milembe akamwambia mumewe kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, iliyochoka, “Baba Justina, nipe maji.”

Keneth alimtazama yule jeuri aliyebaki na vigoda vitupu. Akashindwa kujizuia. Akapiga makofi matatu, polepole.

“Hongera, bibi. Ukumbi umejaa.”

Nyanjige, aliyekwisha kufika njiani, alisimama. “Mwalimu,” alinong'ona, “umemlisha.”

Milembe aliinama taratibu kama mwimbaji anayewashukuru watazamaji, mkono kifuani, damu ikimdondoka kidevuni.

“Mmoja ananitosha,” ikasema ile sauti, na ikaanza wimbo wa pili.