Kati ya wa Sita na wa Saba

Saa moja kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumatatu, mtunza kanisa alifungua mlango wa sakristia akamkuta Kanoni amelala chini ya ngazi za mawe. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimebaki juu, ngazi ya nne. Mtunza kanisa hakupiga kelele. Alichuchumaa, akamgusa shavu, akalikuta baridi kama sakafu, kisha akaenda kupiga simu.

Inspekta alifika saa moja na dakika ishirini na tano. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Hiyo ilikuwa siku yake ya pili kazini tangu amzike mumewe. Watu walimwambia apumzike zaidi, lakini nyumbani hakukuwa na mtu wa kumuuliza maswali, na kuuliza maswali ndiyo kazi pekee aliyoweza kuifanya bila kuhisi kitu. Alikuwa amekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

"Afande, mzee ameteleza tu," alisema Koplo, msaidizi wake, mtu mnene aliyependa kesi zifungwe kabla ya chai. "Miaka sabini na tisa, ngazi za mawe, miguu ya mkopo."

Inspekta aliinua mkono wa kulia wa marehemu. Kifundo kilikuwa na alama nne za vidole, nyeusi nyeusi.

"Ngazi haina vidole," alisema.

Ngazi zile zilipanda hadi chumba cha kumbukumbu. Kanoni, padre mstaafu, alikuwa akishinda humo tangu mwaka jana, akiandika historia ya Wakuu wa Kanisa Kuu, yaani makasisi waliolitawala kanisa lile kila mmoja kwa zamu yake tangu jiwe la msingi. Majina yao yalikuwa ndani ya kanisa, kwenye ubao mweusi, kumi na mawili, kwa rangi ya dhahabu. Juu ya meza yake kulikuwa na daftari la ibada, kubwa kama sinia. Humo kila kasisi aliyeongoza ibada huandika tarehe, idadi ya watu na sahihi yake. Lilikuwa limefunguliwa kwenye mwaka wa mafuriko, na karatasi moja ilikuwa imekatwa.

Inspekta aliinama. Haikukatwa kwa wembe. Ukingo ulikuwa na meno meno, kama uliotafunwa kidogo kidogo na mkasi mfupi mzito, na pembeni mwa karatasi iliyobaki kulikuwa na doa la kijani, la utomvu.

Alishuka, akapita mbele ya madhabahu. Vyombo vya maua vilikuwa vitupu, vimepinduliwa juu ya kitambaa vikauke. Aliandika hilo pia. Alikuwa anaandika kila kitu siku hizo, kwa sababu kichwa chake kilikuwa hakishiki.

Daktari wa polisi alisema kwa kifupi: "Nyonga imevunjika, na damu imevujia ndani. Alianguka jana kama saa kumi na mbili jioni. Hakufa papo hapo. Saa nzima hivi alikuwa hai."

"Angeweza kuita?"

"Kwa sauti ndogo. Mtu wa karibu angemsikia."

*

Mtunza kanisa alihojiwa saa tatu, kwenye benchi la nyuma. Alikuwa mwembamba wa miaka hamsini na tano, mgane, mikono yake inanuka sabuni ya sakafu.

"Jana uliondoka saa ngapi?"

"Ibada ya jioni iliisha saa kumi na moja na nusu. Nikafunga mlango mkubwa saa kumi na mbili kasoro robo, nikaenda nyumbani. Kanoni alibaki juu. Ana ufunguo wake wa mlango wa pembeni."

"Nani mwingine ana ufunguo huo?"

"Mimi. Baba Mkuu. Na Mama Maua."

Mama Maua alikuwa mwenyekiti wa akina mama wanaopamba kanisa, na binti wa Mkuu wa Saba. Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika hata na majirani.

"Nyumbani ulikuwa na nani?"

"Na shati langu, mama. Nilikuwa napiga pasi."

Koplo alirudi na kipande cha karatasi alichokitoa kwenye kabati la mafagio. Kilikuwa na mwandiko wa Kanoni: *Njoo Jumatatu saa mbili. Nina neno kuhusu ukoo wako. Usimwambie mtu.*

"Neno gani?" Inspekta aliuliza.

"Sijui. Nilikuja mapema leo ili nifagie kwanza, halafu nimsikilize." Alitazama mikono yake. "Ukoo wangu hauna neno, mama. Sisi ni watu wa ufagio. Babu alifia humu humu kanisani mwaka wa mafuriko, kwa homa. Baba alikuwa hajajua hata kutambaa. Bibi akamchukua akarudi kwao, na hatukusimuliwa zaidi."

"Ana ufunguo, ana barua, hana shahidi," Koplo alinong'ona. "Afande, huyu ni samaki aliyejiingiza chunguni mwenyewe."

Inspekta alimruhusu ampeleke kituoni. Hakuwa na sababu ya kukataa, wala hakuona ndani yake nguvu ya kuitafuta.

Baba Mkuu, wa Kumi na Mbili, alikuwa na wasiwasi zaidi kuliko mtunza kanisa. Ofisini mwake alikunywa maji glasi mbili kabla hajajibu swali la kwanza.

"Ni kweli tuligombana Jumamosi," alisema. "Aliniambia ubao una kosa. Kwamba kati ya wa Sita na wa Saba kulikuwa na Mkuu mwingine, aliyewekwa na Askofu kwa barua yenye muhuri, akasahauliwa. Alitaka tuandike ubao upya. Mimi ningekuwa wa Kumi na Tatu. Nikamwambia sitaki. Nilikuwa natania." Akafikiri. "Nusu."

"Alikutajia jina lake?"

"Hapana. Alisema kuna watu wawili lazima awaambie kwanza, uso kwa uso, kabla sijajua hata mimi."

"Na wewe ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Hata mke wangu. Mke wangu ukimwambia jambo, umelipeleka redioni."

"Baada ya ibada ya jioni ulikwenda wapi?"

"Kwa mgonjwa, ng'ambo ya mji. Nilikaa naye na wanawe mpaka saa mbili. Waulize."

"Ibada ya jioni, madhabahuni kulikuwa na maua?"

Baba Mkuu alishangaa. "Yalikuwepo. Moja lilinidondoshea petali kwenye kitabu nikisoma somo la pili. Nikaipuliza."

*

Saa sita mchana Inspekta alimkuta Mama Maua kwenye ukumbi wa kanisa, anapanga viti kwa ajili ya msiba. Alikuwa mzee wa miaka sabini na mmoja, mnyoofu kama mshumaa, mwenye mikono ya mtu aliyekata matawi maisha yake yote.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nimesikia nawe una msiba wako."

"Asante, mama. Mara ya mwisho ulimwona Kanoni lini?"

"Jana asubuhi, saa tano, ibada ya pili ilipokwisha. Nikatoa maua yangu nikayapeleka hospitali kwa wagonjwa, kama kila Jumapili. Sikurudi tena."

"Umesikia kuna karatasi imekatwa kwenye daftari?"

"Nimesikia. Watu hawaogopi Mungu."

"Kanoni alikuwa anaandika nini kuhusu baba yako?"

Mama Maua alinyoosha kiti kilichokuwa tayari kimenyooka. "Angeandika nini ambacho mji mzima haukijui? Maji yalipopanda, Mkuu wa Sita alikimbia. Baba alifungua milango ya kanisa, watu wakaokoka. Mpaka leo kila mwaka siku ile tunamwombea. Baba yangu ni wa Saba, na wa Saba atabaki."

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyo, akashukuru, akaondoka.

Saa tisa alasiri, ofisini, alisoma daftari lake kuanzia mwanzo. Aliposoma sentensi ile ya mwisho, kalamu ilisimama. *Na wa Saba atabaki.* Nani alimwambia kwamba namba zinataka kuhama? Baba Mkuu hakusema. Mtunza kanisa hakujua. Polisi walitangaza karatasi tu, bila kusema ni ya nini. Aliyebaki ni Kanoni mwenyewe.

Alipiga simu hospitali. Muuguzi wa wodi ya wanawake alimjibu haraka haraka: "Maua ya kanisa? Jumapili hayakuja, dada. Yameletwa leo saa mbili asubuhi. Na mwenyewe hakukaa hata kuwasalimia wagonjwa."

Inspekta aliweka simu chini. Zamani, katika dakika kama hiyo, damu ilimwenda mbio. Sasa alitazama tu ukuta, akamwita Koplo.

"Mtoe yule mzee mahabusu. Mpe chai. Na umwombe radhi."

"Mimi, afande?"

"Wewe ndiye uliyemwita samaki."

*

Jumanne, saa nne asubuhi. Sebule ya Mama Maua ilikuwa safi, na picha ya Mkuu wa Saba ilikuwa juu ya kabati, anatabasamu bila kuonyesha meno. Koplo alisimama mlangoni. Inspekta aliketi, akaanza bila salamu ndefu.

"Mama, ulisema maua uliyatoa Jumapili saa tano. Baba Mkuu aliyaona saa kumi na moja jioni, na mtunza kanisa anasema alipofunga mlango mkubwa yalikuwa bado pale. Jumatatu alfajiri vyombo vilikuwa vitupu. Kwa hiyo uliingia kwa mlango wa pembeni baada ya yeye kuondoka. Mkasi wako wa maua ulikuwa mkononi. Ndio ulioacha utomvu kwenye daftari."

"Mikasi ni mingi."

"Ni mingi. Lakini jana uliniambia baba yako atabaki wa Saba. Mimi sikuwa nimekuambia kuna mtu anataka kumfanya wa Nane. Aliyekuambia ni Kanoni, Jumapili jioni, nawe uliniambia hukurudi tena."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo, akaacha, akaanza tena.

"Aliniita akiniona natoa maua," alisema Mama Maua hatimaye. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Akasema, 'Dada yangu, panda, nataka uone kabla ya wengine.' Alikuwa mpole. Angenitukana ingekuwa rahisi. Akanionyesha. Siku kumi na tisa, kila siku sahihi ya mtu yule yule, si ya baba, na chini yake: *Mkuu*. Huyo ndiye aliyefungua milango. Homa ya waliokimbilia humo ikamuua. Baba alikuja baadaye. Nikamwambia Kanoni aifunge ile karatasi mpaka nife. Miaka yangu imebaki mingapi? Akasema yule mtu amesubiri vya kutosha."

"Ukaikata."

"Nikaikata. Akanishika, nikamshika mkono, nikamsukuma anitoke. Mlango wa ngazi ulikuwa wazi nyuma yake."

"Halafu?"

"Halafu nikashuka. Nikamruka." Akakunja kanga yake magotini. "Alikuwa ananiita. Dada, dada. Nikaenda nikaosha vyombo vya maua. Nilipomaliza alikuwa bado anaita. Nikaketi benchi la mbele mpaka aliponyamaza, ndipo nikabeba maua yangu nikaja nyumbani."

Koplo alitazama kofia yake.

"Karatasi iko wapi?" Inspekta aliuliza.

Mama Maua alinyoosha kidole kwenye Biblia iliyokuwa chini ya picha. Inspekta aliifungua. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara moja tu, kwa uangalifu. Alisoma sahihi zote kumi na tisa. Ya mwisho ilitetemeka: *Ibada ya asubuhi. Watu mia tatu na kumi na wawili. Homa imenipata. Mlango usifungwe.* Chini yake kulikuwa na mwandiko mwingine, mzuri, ulionyooka: *Leo nimepokea funguo za Mkuu aliyefariki usiku. Mlango nimeuacha wazi kama alivyoagiza.* Na sahihi ya Mkuu wa Saba.

"Kwa nini hukuichoma?"

"Ni mkono wa baba."

"Baba yako aliandika ukweli, mama. Hapa hakuiba kitu."

"Aliuandika mara moja," alisema Mama Maua. "Watu walipoanza kumpigia makofi, akanyamaza. Miaka arobaini alisimama kila mwaka akayapokea, nami nimeketi benchi la mbele, nimevaa gauni jipya, najua mimi ni mtoto wa nani. Wewe ungempa mtu hicho kitu, mwanangu?"

Inspekta alimsomea haki zake. Mama Maua aliomba afunge madirisha kwanza, na Koplo akamfungia.

*

Saa saba mchana Inspekta alimkuta mtunza kanisa ameketi kwenye ngazi ya mwisho ya mawe, pale pale, ndoo mbele yake. Sakafu ilikuwa imeshasuguliwa mpaka imebadilika rangi. Alimpa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki wa ushahidi, akamweleza polepole: jina lile ni la baba wa baba yake, na Kanoni alikuwa amekwisha kulilinganisha na kitabu cha ubatizo, kama alama zake humo zilivyoonyesha. Babu hakuwa mtu wa ufagio. Alikuwa Mkuu wa kanisa hili siku kumi na tisa, na watu zaidi ya mia tatu waliishi kwa sababu yake.

Mtunza kanisa alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akarudia. Inspekta alingoja afurahi, au alie.

"Kanoni alikaa saa nzima hapa chini?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Anaita?"

Inspekta angeweza kudanganya. "Ndiyo."

"Kwangu ni dakika nne, mama. Dakika nne kwa miguu. Nilikuwa napiga pasi shati, redio nimeifungulia."

Inspekta alifungua mdomo aseme ile pole ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa na watu mia, akaona haina kazi. Kituoni walimtaka na ripoti kabla ya saa nane. Simu ikatetemeka mfukoni, akaizima. Kisha akasogeza ndoo kwa mguu, akaketi kwenye ngazi kando ya yule mzee, bega kwa bega kwa sababu nafasi ilikuwa finyu, akabaki hapo.