Upande wa Akina Mama

Kila akitoka shule, Amisa hupitia studio ya Papa Hamadi, karibu na soko la Kasongo, kujifunza kuhariri sauti kwenye kompyuta. Ana miaka kumi na mitatu, na vidole vyake ni vyepesi kuliko masikio yake.

Juma moja alipewa kazi ya familia yao wenyewe: kuhariri maneno ya nyanya yake, Bibi Safia, yaliyorekodiwa siku chache kabla hajafariki. Yangesikilizwa Ijumaa, kwenye arobaini yake. Bibi Feza, mdogo wa marehemu, alikuwa mgonjwa huko Nyangwe akayakosa mazishi. Sasa alikuwa amefika kwa pikipiki, mgongo ukimuuma, ili asikie maneno ya mwisho ya dada yake.

"Umesikiliza pande zote mbili za sauti, kushoto na kulia, mpaka mwisho?" Papa Hamadi aliuliza Alhamisi.

"Ndiyo, Papa. Iko sawa."

Haikuwa sawa. Amisa alikuwa amesikiliza kwa sikio la kushoto tu. La kulia aliliacha wazi lipate soga za Mado, rafiki yake.

Ijumaa asubuhi aliona spika zikifungwa uani kwao: ya kushoto kwa wanaume, ya kulia kwa wanawake. Bibi Feza alikuwa ameshakaa mkekani, karibu kabisa na ile ya kulia. Amisa aliingia ndani, akavaa visikilizi, akasikiliza upande wa kulia peke yake. Ulitoka mnong'ono tu.

Aliogopa sana. Angeweza kusema spika ni mbovu. Ilikuwa kuukuu, kila mtu angeamini. Kupitia dirishani akamwangalia Bibi Feza pale mkekani, akamwendea Papa Hamadi.

"Papa, jana nilikudanganya. Upande wa kulia sikuusikiliza."

Papa Hamadi hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Akafungua kompyuta. Mawimbi ya kushoto yalikuwa mapana, ya kulia membamba kama uzi. Mkono wa Amisa ukakimbilia kupandisha sauti yote.

"Ngoja. Ukipandisha yote, wanaume watasikia mikwaruzo. Tenganisha kwanza."

Amisa akatenganisha pande mbili, akapandisha ule wa kulia kidogo kidogo mpaka ukalingana na mwenzake, akaziunganisha tena. Safari hii alisikiliza yote, sikio moja kisha jingine, machozi yakimtoka.

Baada ya dua, sauti ikajaa uani. "Feza, mdogo wangu, najua unaumwa. Usijilaumu kama hukufika. Tulikwisha kuagana, siku ile uliponisuka nywele."

Bibi Feza akajifunika uso kwa kitenge. "Nimemsikia," alisema. "Nimemsikia dada yangu."

Watu walipotawanyika, Papa Hamadi alikuwa akikunja nyaya pamoja na Amisa.

"Sauti tumeitengeneza kwa saa moja kwa sababu ulisema mapema," alimwambia. "Ungenyamaza, yule mama angerudi Nyangwe bila kuagwa. Ukisema umesikiliza, mwanangu, uwe umesikiliza."