Pumzisha Macho, Salima

Salima alitoka mbio kwenye chumba cha kuchapia, akagongana na mwanaume katikati ya soko la Gitega. Karatasi zikamwagika kwenye mafungu ya nyanya. Salima alivaa kitenge cha kijani na mtandio mweusi, macho mekundu kama ya mtu aliyelia.

"Nani amekuliza?" mwanaume akauliza, akiokota karatasi.

"Ordinateri. Tangu asubuhi mi niko mbele yake."

Mwanaume huyo alikuwa Nassoro, fundi wa kompyuta kutoka Muyinga. Alimsindikiza hadi kazini, akampunguzia mwanga wa skrini. "Kila dakika ishirini tazama mbali kidogo. Na upepese macho."

"Mbali nitazame nini?"

"Muyinga."

Salima akacheka. Tangu siku hiyo Nassoro alimpigia kila adhuhuri. "Umepumzisha macho, mpenzi?"

"Nimepumzisha, dokta wangu. Lakini kichwa kinauma."

"Ni skrini tu. Pumzika."

Wote wawili waliamini hivyo.

Mwaka ulipopita, Salima akaacha kupokea simu. Nassoro akapanda gari hadi Gitega, akamkuta sokoni na dada yake, Zaituni. Akasimama kushoto kwake, karibu kabisa, akampungia. Salima akapita bila kugeuka. Siku hiyo hiyo Nassoro alirudi Muyinga, akaifuta namba yake.

Wiki mbili baadaye Zaituni akapiga.

"Hakukuona, Nassoro, na alinikataza kukwambia. Jicho la kushoto limekufa. La kulia linaona mbele tu. Daktari amesema ni presha ya macho, tena ya siku nyingi. Si ordinateri."

Kesho yake Nassoro alimkuta Salima uani kwao, amekonda.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja kwa huruma."

"Mi ndiye niliyekwambia ni skrini. Ningekupeleka hospitali mapema..."

"We hukujua. Na mi niliogopa kwenda."

"Litapona?"

"Hili halirudi. La kulia natia dawa kila siku, labda litabaki."

Nassoro akaushika mkono wake. Ulikuwa baridi.

"Nataka kukuoa, Salima."

"Na la kulia likifa?"

"Utakuwa mke wangu asiyeona."

Machozi yakamtoka Salima kwenye macho yote mawili.

"Basi nenda kwa baba kesho," akasema. "Usingoje mavuno, usingoje mtu. Siku ya harusi nataka nikuone."