Aliyeonja Kwanza

Sebagabo alikuwa amelala chali sebuleni kwa Karenzi, mtaani Rubona, macho wazi, povu mdomoni. Bilauri yake ilikuwa imevunjika. Ya Karenzi ilikuwa bado mezani, imejaa pomoni pombe ya ndizi.

Inspekta Iribagiza aliinusa chupa. Dawa ya wadudu wa viazi. Tangu arudi nchi ya wazazi wake kutoka Tanzania alikozaliwa ameona maiti nyingi, lakini hii ilimshtua. Mchana kweupe, siku ya Jumamosi, chini ya picha ya harusi!

Mambo yalimkalia Karenzi vibaya. Alikuwa fundi mkuu wa shirika la ndege la Virunga Anga, shirika mahututi ambalo mwezi uliopita lilipunguza wafanyakazi themanini, naye akiwamo. Barua yake ya kuachishwa aliletewa na Sebagabo, afisa utumishi. Sasa mleta barua amefia nyumbani kwa mpokea barua. Sajini Gad alishamtia Karenzi pingu, tena kwa furaha.

"Chupa ilitoka wapi?" Iribagiza aliuliza.

"Ni yeye aliileta, afande. Alisema ni ya kuomba musamaha."

"Nani aliifungua?"

"Yeye."

"Mbona wewe hukunywa?"

"Mwenye kuleta ndiye anaonja kwanza. Alionja, akaanguka. Mi sikugusa."

Gad alicheka. Iribagiza hakucheka. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni: mgeni akileta pombe, huionja mbele ya mwenyeji ili aonyeshe haina sumu. Basi Sebagabo hakujua alichobeba. Nani alimbebesha?

Mke wa Karenzi, Mukarugwiza, ndiye aliyejibu. Marehemu aliwaambia kwamba zawadi ni ya mkurugenzi mkuu, na yeye katumwa tu.

Mkurugenzi huyo, Bruce Rugwiro, alikuwa kwenye hoteli moja kando ya Ziwa Kivu, akisubiri kikao cha bodi cha Jumatatu. Alizaliwa na kukulia Ubelgiji, na nchini ana miaka mitatu tu. Iribagiza alimwacha Karenzi garini na pingu zake, akaingia na Gad.

"Kuna mtu amekufa Rubona," alisema. "Mtu wa shirika lako."

Rugwiro alikaa polepole. Alijibu kwa Kifaransa, kwa sauti ya msibani, kwamba ni pigo kubwa, Karenzi alikuwa fundi hodari.

Iribagiza hakuwa ametaja jina.

"Karenzi yuko nje, mzima. Aliyekufa ni Sebagabo."

Uso wa Rugwiro ulisawajika. "Sebagabo? Kwa nini alikunywa? Haikuwa yake."

Gad aliachama mdomo: hakuna aliyekuwa ametaja kinywaji. Iribagiza alimweleza Rugwiro desturi ambayo hata mtoto wa kijijini Cyanzarwe anaijua.

"Hakuna aliyeniambia," Rugwiro alisema, kisha akafunika uso kwa viganja.

Baada ya hapo alisema yote. Katika wale themanini, wa kwanza kukatwa walikuwa mafundi watatu waliokataa kutia saini kwamba ndege yenye ufa kwenye ubawa ni salama. Karenzi, mmoja wao, alikuwa na nakala ya barua ya onyo aliyomwandikia mkurugenzi, na Jumatatu angeisoma mbele ya bodi.

"Ningefukuzwa," Rugwiro alisema.

"Wewe umefukuza themanini."

"Wao walikuwa themanini. Mimi ningekuwa peke yangu."

Iribagiza alimwashiria Gad amkamate. Halafu wazo likamchoma.

"Ndege hiyo iko wapi sasa?"

Rugwiro aliangalia saa yake. "Inaondoka Kigali saa kumi."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Iribagiza alitoka mbio. Alimfungua Karenzi pingu, akawapigia waongoza ndege wa Kigali na kumpa simu.

"Ni Karenzi, fundi," alisema. "Musiache iruke. Ubawa iko na ufa."

Upande wa pili walimuuliza kama si yeye aliyeachishwa kazi.

"Ndiyo, kazi sina tena. Lakini ufa iko."

Walingoja. Dakika tatu baadaye sauti ikasema injini zimezimwa, na abiria hamsini wanateremka wakilalamika kwamba wanacheleweshwa.

Karenzi alirudisha simu. Iribagiza alimwomba radhi kwa zile pingu, lakini yeye hakuonekana kusikia.

"Afande," alisema, "muke ya Sebagabo bado hajajua. Nikuje na we tumwambie?"