Jina la Kamaliza Ubaoni

Siku ya soko pale Kitshanga, pikipiki zilikuwa zimejazana hadi mlangoni mwa kibanda cha fotokopi cha Kamaliza, na jenereta ilinguruma hata wateja wakawa wanapayuka. Akaingia kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vilivyojaa matope. Akatupa karatasi mbili mezani.

"Dada, angalia! Banafunzi wawili, kazi moja, hata makosa iko ile ile. Njo weye unawauzishia?"

Kamaliza alikaza kitenge chake cha njano kiunoni. "Kaka, miye napiga mashine tu. Weye njo unafundisha. Nani alipashwa kuwaambia kwamba kuiba haiko muzuri?"

Wateja wakaangua kicheko. Kijana huyo, Delphin, aliyefundisha chuoni namna ya kufanya utafiti na kutaja vyanzo, alikusanya karatasi zake akatoka. Kesho yake alirudi, mikono mitupu.

"Unataka kopi ya nini?" Kamaliza akamuuliza.

"Ya weye. Moja haitanitosha."

"Mashine iko na panne, imeharibika," alisema Kamaliza, lakini alicheka.

Wakapendana. Delphin alimpigia simu asubuhi kabla ya masomo, na tena mchana, kumuuliza tu kama amekula. Jumapili alikula ugali na sombe ya majani ya muhogo kwa Mama Dancille, mama yake Kamaliza, ambaye alikwisha kumwita mwanangu.

Jumapili moja, wakitembea kwenye barabara ya Mushaki, Kamaliza alimsimulia maisha yao katika kambi ya wakimbizi. Mwaka ule wa njaa, mama yake aliingia katika shamba la Nyiransabimana, rafiki yake wa maombi, akang'oa maharagi ili watoto wale.

"Sijaambia muntu hata mumoja," alisema. Delphin alimshika mkono.

Juma lililofuata alikuwa anafundisha kwamba hata maneno ya mdomo yana mwenyewe, na lazima atajwe. Akatafuta mfano. Aliandika ubaoni kisa chote cha maharagi, jina la Dancille na la mwenye shamba, na chini yake: Kamaliza, mazungumzo ya mdomo, Kitshanga. Aliandika kwa mwandiko mzuri, akiona fahari. Mwanafunzi mmoja akapiga picha, akaituma WhatsApp. Kabla ya saa sita picha ilikuwa imezunguka soko zima.

Simu ya Delphin ikalia.

"Delphin, umefanya nini?"

"Chérie, nilikutaja! Nilisema iko maneno yako. Sikuiba kitu."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Lakini njo sheria, mutu akisema kitu—"

"Nilikuambia weye! Sikuambia ubao! Mama iko amejifungia ndani, analia, na weye unanifundisha sheria?" Akakata. Alipompigia tena, simu ilikuwa imezimwa.

Jioni ile Nyiransabimana alisimama mlangoni mwa Mama Dancille, mikono kiunoni. "Umeomba pamoja na miye miaka yote hii, maharagi yangu iko tumboni mwako! Ungeniomba, ningekupa." Akageuka akaenda zake. Jumapili hiyo Mama Dancille hakwenda kanisani, na nyingine pia.

Delphin alikonda. Alikwenda kibandani, Kamaliza akawahudumia wateja wote kana kwamba hamwoni. Mwishowe alisimama mbele ya wanafunzi wake.

"Niliwafundisha vibaya. Nilitaja jina, sikuomba ruhusa. Mufute ile picha."

"Na miye niko na neno," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa Kamaliza. Mwanafunzi mmoja, mteja wake, alikuwa amemwambia kwamba mwalimu ameahidi kusema darasani juu ya picha ile. Akapita mbele.

"Ule wa ubaoni njo miye. Mulicheka. Mama yangu alikuwa na watoto na njaa. Kesho mutaenda vijijini kuuliza bantu maisha yao. Mutawauliza kwanza: hii naweza kuiandika? Naweza kutia jina yako? Akikatala, munafunga kalamu. Mumesikia?"

Kamaliza akatoka bila kumtazama Delphin.

Siku hiyo hiyo Delphin alipiga magoti kwa Mama Dancille. Mama akaanza kuvaa viatu.

"Ulinivua nguo mbele ya bantu. Simama. Unaenda na miye kwa Nyiransabimana."

Nyiransabimana hakuwakaribisha ndani wala hakusema amesamehe. Aliwatolea majembe. "Shamba imejaa majani," alisema, akashika la kwake.

Walilima watatu, Delphin na shati lake jeupe, mpaka viganja vikamtoka malengelenge. Jua lilipokuwa kali, Mama Dancille aliuliza mstari unaishia wapi, Nyiransabimana akamwonyesha kwa mkono. Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu ugomvi ule.

Kamaliza alifika na chakula. Alimpa Nyiransabimana kwanza, kwa mikono miwili, kisha mama yake. Akabaki na sahani moja, amesimama juu ya Delphin.

"Niko na hasira bado."

"Najua, mupenzi."

"Usiniite mupenzi. Na kama ulitaka kuniuliza mambo ya ndoa, usiniulize leo."

"Nilitaka kukuuliza," Delphin alikiri. "Nitangoja."

Kamaliza alishusha pumzi, akaketi karibu naye juu ya udongo, akaweka sahani katikati yao.

"Nawa mikono," alisema. "Tukule."